Nyumba ya Asiye na Mtu

Ndugu zangu wa usharika, kaeni vizuri. Leo sitawapigia kelele, sauti yenyewe imekauka tangu ibada ya kwanza. Nitawapa mfano mmoja tu. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msije mkanishika pale nje mkaniuliza nyumba hiyo iko mtaa gani na kamati yake ni akina nani. Na wale mnaowaza wali mlioacha jikoni, muwaze taratibu, utaiva tu.

Palikuwa na dobi mmoja katika mji wa reli. Alifua nguo za watu, akazipiga pasi ya mkaa, akazibeba mwenyewe kuzirudisha kwa wenyewe. Alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya vyumba vingi, na chumba cha jirani yake alikaa mzee mmoja mstaafu wa reli. Kati yao palikuwa na ukuta mmoja. Kila asubuhi dobi alipita mbele ya mlango wa yule mzee na furushi la nguo begani, akajisemea kwamba atamsalimia jioni akirudi. Jioni alirudi amechoka, akajisemea kwamba atamsalimia asubuhi. Si ndivyo tunavyofanya? Siku ya nne jioni akaona nzi mlangoni.

Mnajua alichokikuta, sina haja ya kukieleza humu ndani. Nawaambia tu kilichomtesa dobi baada ya mazishi. Alihesabu. Siku nne, kwenda na kurudi, ni mara nane. Mara nane alipita karibu na mlango ule kiasi kwamba angenyoosha mkono angeugusa, na labda katika zile mara mbili za kwanza mzee alikuwa bado anapumua. Dobi hakuwa na mke wala mtoto. Akajiuliza, na mimi je, nani ataona nzi mlangoni kwangu?

Ndugu zangu, mtu akiumia namna hiyo ana njia mbili. Anaweza kuhama nyumba ile asahau. Dobi hakusahau. Alichukua miaka ishirini kujenga, tofali juu ya tofali, mpaka akapata nyumba ya vyumba tisa vinavyozunguka ua mmoja, na jiko moja la wote. Juu ya lango, saruji ikiwa bado mbichi, aliandika kwa msumari: NYUMBA YA ASIYE NA MTU. Alipokaribia kufa aliikabidhi kwa wazee wa kanisa lake, akawaachia masharti mawili.

Sharti la kwanza: haingii humu mwenye mtu wa kumtunza. Mwenye mtu aende kwa mtu wake, chumba abakie nacho asiye na yeyote duniani.

Sharti la pili: kila asubuhi, kabla uji haujagawiwa, kila mtu amgongee jirani yake wa kulia na kumuuliza kama ameamka. Wa chumba cha kwanza amgongee wa pili, wa pili amgongee wa tatu, hivyo hivyo mpaka wa tisa, naye wa tisa avuke ua akamgongee wa kwanza. Hakuna anayekula mpaka wote tisa wawe wameitikia. Ukipenda jirani yako, unagonga. Ukimchukia, unagonga.

Mnaona alichofanya huyu dobi? Bado hamjaona. Hata mimi ninayeutunga mfano wenyewe sikuona mpaka nilipofika katikati.

Ikapita miaka sitini. Hebu fikirini, miaka sitini ni asubuhi zaidi ya elfu ishirini. Watu wa mwanzo wote walishazikwa, wakaja wengine, nao wakazikwa, wakaja wengine. Milango ilibadilishwa, bati likabadilishwa, sufuria la uji limebadilishwa sijui mara ngapi. Kugonga hakujabadilika. Asubuhi ya mvua waligonga. Asubuhi ya Krismasi waligonga. Watu wamekufa wengi katika nyumba ile, ni wazee, wafanyeje? Lakini katika miaka sitini hakuna hata mmoja aliyekufa bila kujulikana kabla uji haujapoa. Mimi nikiliwaza jambo hilo nywele zinanisimama. Mtu mmoja aliyekuwa akipiga pasi mashati ya wenzake ameweza kuwafanya watu ambao hakuwahi kuwaona waulizane hali kila kunapokucha, na yeye mwenyewe ni mavumbi.

Sasa msije mkadhani ndani mle waliishi malaika. Bibi wa chumba cha nne na mzee wa chumba cha tano walikuwa na ugomvi wa kamba ya nguo. Bibi alikuwa na tabia ya kuanika kanga mbichi juu ya shati la mzee lililokwisha kauka. Walishaambiana maneno mazito, wakaacha kusemezana miaka miwili mizima. Miaka miwili, neno pekee lililopita kati yao ni lile la asubuhi. Bibi anagonga, "Umeamka?" Mzee anajibu, "Nimeamka." Kisha kila mtu na njia yake. Wapo humu ndani mke na mume ambao hata hilo hawana, lakini tusiingie huko.

Basi, kamati ya nyumba ile ikapata mwenyekiti mpya. Mtu mzima, mstaafu wa ofisi kubwa, mjane, kanisani hakosi. Msimfanye adui tafadhali, maana huwa mnapenda kuwa na adui katika kila mfano. Alikuwa mtu wa haki. Alifungua faili, akakuta watu kumi na mmoja wanasubiri chumba. Wengine wanalala kwenye mabaraza ya maduka. Akasema, kama ndani mle kuna mtu mmoja tu asiyestahili, basi amemzibia mlango mwenzake aliyeko barazani. Je, alikosea? Mimi sioni alipokosea.

Akaanza kuulizia. Akagundua kwamba bibi wa chumba cha nne ana mpwa wake, mtoto wa dada yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi katika mkoa mwingine. Akaandika barua kwamba atakuja Jumatano asubuhi kuwahoji wote tisa, na kila mmoja atajibu swali moja mbele ya Mungu na mbele ya kamati: una mtu?

Mama mpishi wa nyumba ile aliisoma barua akaingiwa na hofu. Aliwakusanya wazee wake akawapanga kama mwalimu anavyopanga watoto siku ya mkaguzi. Aliwaambia jibu ni neno moja, "Sina." Wasiongeze, wasipunguze. Bibi wa nne hasa alimkalisha pembeni akamfanyisha mazoezi, maana alimjua ana mdomo. Akiulizwa kuhusu mpwa, aseme hamjui. Na kweli hakumjua. Mara ya mwisho alipomwona alikuwa bado anatambaa. Bibi akaitikia vizuri kabisa. Alikuwa na miaka themanini na mbili, goti moja halikunjiki, na nje ya lango lile hakuwa na pa kwenda.

Jumatano mwenyekiti akafika. Aliwaamkia shikamooni, wakaitikia marahaba, akawekewa meza uani. Wazee tisa wakaketi kwenye viti vyao kwa mpangilio wa vyumba, wamevaa nguo za Jumapili. Akaanza na bibi wa nne, maana ndiye aliyekuwa na kesi. Alimsomea kwenye faili habari za yule mpwa. Kisha akamuuliza kwa upole, "Bibi, mbele ya Mungu, una mtu?"

Mama mpishi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, midomo yake inamtamkia bibi lile neno moja.

Bibi akafungua kinywa. Akamtazama mwenyekiti, akamtazama mama mpishi, kisha macho yake yakaenda kwa mama wa chumba cha tatu aliyeketi kushoto kwake, yule aliyemgongea asubuhi ile na kila asubuhi kwa miaka kumi na mitatu.

"Ninaye," akasema.

Mama mpishi akafumba macho.

"Huyo mpwa?" mwenyekiti akauliza.

"Huyo simjui. Mtu wangu ni huyu hapa. Nimekaa nalitafuta hilo neno mnalotaka niseme, halitoki. Nikisema sina mtu, huyu nitamwambia nini kesho akinigongea?"

Mwenyekiti alikuwa bado ameshika kalamu hewani pale mzee wa tano aliposimama bila kuitwa, mikono nyuma, kama askari wa zamani.

"Na mimi niandike," akasema. "Ninaye. Ni huyu bibi. Simpendi, na shati langu analijua mwenyewe. Lakini nilipougua mwaka juzi nikashindwa kuitikia, alikaa mlangoni kwangu akakataa uji mpaka mlango ukavunjwa. Nitamkanaje?"

Wakafuata wengine. Mmoja mmoja, wote tisa. Hakuna aliyesema neno alilofundishwa. Kila mmoja alimtaja wa kushoto kwake, mpaka ikarudi ilikoanzia. Ndugu zangu, hawa si watu waliokuwa wakijaribu kumgusa mwenyekiti moyo. Walikuwa wakijipoteza. Walijua sharti. Walikuwa wakilitazama limeandikwa juu ya lango kila wanapoingia. Kila aliyesema "ninaye" alikuwa anajitoa nje ya nyumba kwa kinywa chake, na bado hawakuweza kumkana mtu aliyewagongea asubuhi. Sijui kama mimi ningeweza. Nasema kweli, sijui.

Mwenyekiti akavua miwani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kwa sharti la mwenye nyumba hakuna hata mmoja kati yao anayestahili kubaki, na kwamba kumi na mmoja wanasubiri nje, na yeye hakuandika sharti hilo. Alionekana mtu mwenye huzuni. Lakini mtu wa haki akiwa na huzuni bado anasaini barua.

Ndipo bibi wa nne akauliza, bila ukali, kama anayetaka kuelewa.

"Mwanangu, hao utakaowaingiza, watagongeana?"

"Watagongeana. Ndilo sharti la pili."

"Basi kesho yake utawatoa na wao."

Mmeona sasa? Mwenyekiti aliona. Aliinua macho akayatazama yale maandishi ya msumari kana kwamba yameandikwa asubuhi ile. Dobi hakuwa mjinga. Aliweka sharti moja la kukuingiza na sharti jingine la kulivunja lile la kwanza. Unaingia humu kwa sababu huna mtu, na ukilala humo siku moja, huwezi tena kusema huna mtu. Miaka sitini nyumba ile ilikuwa imejaa watu wasiostahili kukaa ndani yake, na ndivyo mwenye nyumba alivyotaka. Kumbe nyumba haikujengwa kuwahifadhi wasio na watu. Ilijengwa kuwamaliza.

Hapo mimi ningesema amina nikaketi. Lakini bibi alikuwa na swali lingine, si niliwaambia ana mdomo?

"Na wewe, mwanangu, leo asubuhi nani amekugongea?"

Mwenyekiti akasema ana nyumba ya ghorofa. Bibi akasema hakuuliza nyumba. Mwenyekiti akasema ana watoto wanne, wawili nje ya nchi, wanapiga simu Jumapili. Bibi akamkumbusha kwamba leo ni Jumatano. Akasema ana mlinzi getini. Bibi akauliza kama mlinzi anagonga. Mwenyekiti akajibu kwamba mlinzi analinda. Kisha akakusanya karatasi zake, akasema uamuzi atautoa baadaye, akaondoka bila kumaliza chai.

Kesho yake, Alhamisi, jua halijapanda vizuri, mlinzi wa nyumba ya ghorofa akamwambia bosi wake kwamba getini kuna mzee na fimbo, amegonga, amekataa kueleza shida yake. Mwenyekiti akashuka na malapa miguuni. Alikuwa ni mzee wa chumba cha tisa. Alitembea karibu nusu saa, maana mguu wake ndio huo mnaoujua wa wazee.

"Kuna nini, mzee wangu? Nani amefariki?"

"Hakuna. Umeamka?"

Mwenyekiti hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa. Alishika nguzo ya geti, na sauti ilipotoka haikuwa ile ya kwenye kamati.

"Nimeamka."

"Haya," mzee akasema. "Mimi nimemaliza zamu yangu. Sasa wewe nenda ukamgongee wa chumba cha kwanza. Wamekaa wanakusubiri, hakuna aliyekula."

Na mwenyekiti akaenda. Kwa malapa yale yale, katikati ya mji, mtu aliyezoea kupigiwa saluti. Akafika, akavuka ua mbele ya wazee saba waliokaa na vikombe vitupu, akagonga mlango wa kwanza, na kwa mara ya kwanza katika miaka sitini mduara ule ukawa wa watu kumi. Jumapili ile aliiambia kamati maneno mafupi sana. Alisema, "Nimekagua. Aliyekuwa hana mtu alikuwa mmoja. Ameshapata." Akafunga faili.

Mnataka kupiga makofi, msipige. Wale kumi na mmoja bado walikuwa barazani. Kugonga si paa, na mimi sitawadanganya kwamba mtu aliyelowa anakaushwa na salamu. Lakini wiki iliyofuata bibi aliomba asomewe lile faili la wanaosubiri, jina kwa jina na mahali wanapolala. Mduara ukatoka nje ya lango, ukawafikia kule barazani. Na mtu ukishamgongea kila asubuhi, ndugu zangu, huwezi kumwacha barazani muda mrefu. Mwaka ule kamati ilimwaga msingi wa vyumba vingine, na mwenyekiti ndiye aliyepiga kelele kuliko wote mpaka vikaezekwa.

Sasa tuje kwetu sisi.

Sitaki mgeuke mmwambie jirani yenu kwamba mnampenda. Hilo mmelizoea, mnalisema huku mnatafuta kitabu cha nyimbo. Nauliza jambo dogo. Sisi tuliingiaje humu? Si tuliingia hatuna mtu? Kuna aliyeletwa hapa na msiba, kuna aliyeletwa na ulevi, kuna aliyehamia mji huu hamjui yeyote akasikia kengele. Mungu alitupokea kwa sababu hatukustahili, akatukalisha bega kwa bega. Miaka yote hii, je, tumeshavunja sharti la kwanza? Au bado tumekaa humu watu mia mbili, kila mmoja hana mtu?

Mimi nianze kujibu. Bibi Nakijwa, yule anayekaa benchi la tatu dirishani, anayeanza wimbo kabla ya kwaya na kutuharibia sauti, hajaonekana Jumapili tatu. Wiki hii niliuliza. Mzee wa kanisa mmoja akaniambia anadhani yuko kwa mwanawe. Mwingine akaniambia anadhani amesafiri. Nikaridhika. Jana jioni, nikiandika mfano huu, nikiwa nimefika pale dobi anapohesabu mara nane, kalamu ikanikataa. Njia yangu ya kuja kanisani inapita mbele ya mlango wake. Nikahesabu. Sitawaambia nilipata ngapi.

Leo asubuhi, kabla ya ibada ya kwanza, niligonga. Ameitikia. Kwa sauti ndogo sana, lakini ameitikia. Yuko kitandani wiki ya tatu, anakunywa maji anayoletewa na mtoto wa mpangaji. Nilimuuliza kwa nini hakutuma mtu atuambie. Akanijibu, "Mchungaji, ningemtuma nani?"

Mama mganga wa zahanati yuko naye sasa hivi. Sadaka mmeshatoa, nyimbo mmeshaimba, lakini baraka ya mwisho sitaitoa humu. Nitaitoa mlangoni kwake. Simameni, tokeni kwa utaratibu, wenye watoto washikeni mikono, ni mwendo wa dakika kumi. Na tukifika, tusiimbe kwanza. Tugonge.